Njoo Utafute Njia Mbovu: Mwongozo wa Safari ya Pikipiki Kutokea Buseresere

Kuna watu duniani wanaolipa fedha nyingi ili wakwame kwenye tope. Wanapakia pikipiki za magurudumu manne kwenye trela, wanakata tiketi getini, wanapewa ramani ya njia zilizochongwa makusudi ziwe mbovu, na jioni wanarudi nyumbani wamechafuka hadi masikioni na wamefurahi. Kenya wana Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989: magari hupewa saa 10 kupita vituo vilivyotawanywa nyikani, na mshindi ni yule aliyevifikia kwa umbali mfupi kuliko wenzake, hata kama amepanda mlima ambao mbuzi aliukataa. Fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa msitu wa Aberdare uliokamilika mwaka 2009, kwa hiyo siwalaumu hata kidogo.

Sisi wa Buseresere hatuna geti wala tiketi. Njia mbovu tunazo za kila namna, mwaka mzima, na hakuna aliyezichonga kwa ajili ya mchezo. Zimechongwa na viroba vya mawe ya dhahabu, magunia ya mpunga, ng'ombe wanaokwenda kunywa maji na wagonjwa wanaowahishwa zahanati. Basi wewe uliyeko Mwanza, Dar es Salaam au Nairobi, ambaye mwili unakuwasha kutaka kuruka makorongo, panga safari uje. Nitakutania njiani, maana mgeni asiyetaniwa bado hajapokelewa, lakini kila ninalokuagiza nalimaanisha.

Buseresere iko Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Imeshikana na Katoro, ambayo ni Wilaya ya Geita, kiasi kwamba mtu hununua vitunguu wilaya moja na kuvikaanga wilaya nyingine bila kuona tofauti yoyote isipokuwa kwenye risiti ya ushuru. Lami inayotoka Geita kwenda Bwanga na Biharamulo inapita katikati yetu. Ukitokea Mwanza hupangi tena foleni ya kivuko pale Busisi. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3 kutoka Kigongo, lilifunguliwa Juni 2025. Ifurahie hiyo lami unapokuja. Ukishafika, tunaiacha.

Chombo

Najua unacho chombo chako. Ni gari lililoinuliwa shokapu, lina taa nane juu ya paa, winchi mbele na stika ya simba mlangoni. Liache nyumbani. Tatizo lake ni upana. Njia nyingi za huku zinapita katikati ya mihogo ya mtu na mpunga wa mtu, zina nafasi ya pikipiki moja na mguu wa anayepisha, na gari lako litakuwa limelima shamba ambalo mwenyewe hakukuomba ulilime. Hata Land Cruiser mkonga, gari linaloheshimiwa kuliko yote katika ukanda huu wa dhahabu, hufika mahali dereva wake akazima injini, akafunga milango na kumalizia safari kwa bodaboda.

Pikipiki kubwa ya michezo nayo iache, ile ya rangi ya machungwa ambayo ukiiendesha lazima uvae kama askari wa kutuliza ghasia. Ukiangukia korongoni ukavunja mkono wa klachi, spea yake iko ng'ambo ya bahari, na wewe uko Rwamgasa. Boxer au TVS ya cc 125 au 150, hii hii unayoiona stendi, ina kebo ya klachi, cheni, breki shu, spoko na plagi katika kila kijiji chenye duka, na fundi wa kuifungua amekaa chini ya mwembe hatua chache kutoka dukani. Ni nyepesi pia. Watu wawili wanaishika mbele na nyuma na kuitoa shimoni. Kwangu hicho ndicho kipimo cha chombo cha njia mbovu: mnaweza kukinyanyua ninyi wenyewe mliokipanda? Kama hamuwezi, ni mzigo, hata kama kina taa nane.

Angalia tairi kabla ya rangi. La nyuma liwe na kashata ndefu, kwa sababu kipara kwenye utelezi hakina huruma na mtu. Kisha tazama madigadi ya mbele. Msimu wa mvua madereva wetu huiinua au huifungua kabisa, na mgeni akiona hudhani pikipiki ni mbovu. Sababu yake utaiona mkifika bondeni: tope jeusi linapanda na tairi, linajaa kati yake na madigadi, linashindiliwa mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo dereva hushuka, anavunja kijiti cha kichaka cha jirani, anachokoa tope kipande kwa kipande kuzunguka tairi, anasukuma hatua kumi, anasimama, anachokoa tena. Mwenye madigadi iliyoinuliwa anapita kando yake akisalimia.

Kwenye begi weka tyubu ya akiba, solusheni na viraka, pampu ya mkono, spana za kukazia ekseli na cheni, spana ya plagi na plagi mpya, pamoja na kamba za mpira zilizokatwa kwenye tyubu kuukuu, ambazo zinafunga kila kitu duniani. Chaji simu na ubebe noti ndogo ndogo. Mama wa karanga porini hana chenji ya elfu kumi. Petroli jaza lami, kwa kuwa ile ya chupa inayouzwa vijijini bei yake ni ya juu na hujui imelala juani siku ngapi. Kofia ngumu njoo na yako, inayokutosha, na ufunge mkanda wake kidevuni tangu stendi. Nunua nyingine kwa ajili ya dereva kama hana. Katika bajeti yote ya safari hii hakuna fedha utakayoitumia vizuri zaidi ya hiyo.

Dereva

Usikodi pikipiki peke yake. Kodi na mwenyewe, akae mbele yako kwenye njia usiyoijua au aendeshe ya pili. Anajua daraja lipi la magogo limeoza, bonde lipi limejaa maji tangu juzi na mzee yupi hataki mtu apite karibu na mji wake. Nenda kijiweni asubuhi, kabla wafanyabiashara wa mnadani hawajawamaliza wote, na uanze kwa salamu. Asubuhi sema mwangaluka, mchana na jioni mwadila. Mzee yeyote aliyekaa pale mpe shikamoo yake kwanza. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Mwangaluka, kaka."

"Mwangaluka, bosi. Twende wapi?"

"Nataka siku nzima. Rwamgasa, Nyarugusu, jioni turudi."

"Una mzigo?"

"Sina."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana. Nataka tu kupita njia mbovu."

Hapo atakutazama vizuri, kisha atawatazama wenzake, na kijiwe kizima kitacheka. Cheka nao. Kwake njia mbovu ni mafuta kuongezeka, spoko kukatika na mgongo kuuma usiku. Hajawahi kumwona mtu anayeitafuta. Akimaliza kucheka atakutajia bei, na bei hiyo naomba uisikilize kwa akili ya mtu mzima. Madereva wengi pikipiki si zao. Wengine wanapeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, wengine wako kwenye mkataba ambao wakiumaliza chombo kinakuwa chao, na siku moja ya kukosa inarudisha nyuma wiki nzima. Fedha utakayotoa inapaswa kufunika hesabu, mafuta, chakula, jasho lake na kitakachovunjika. Punguza kidogo kama unavyopunguza sokoni, halafu uache. Mtu anayeshusha bei mpaka dereva ananyamaza amejitafutia safari ya mtu aliyenuna, na njia za huku zinataka dereva mwenye moyo mweupe.

Jambo jingine, mlikubaliane kabla ya kuwasha: hakuna mshikaki. Mtu mmoja nyuma, basi. Mkikutana na jamaa yake anayeomba kupelekwa mbele kidogo, itabidi mmoja wenu ashuke.

Udongo

Sasa tumefika penye somo lenyewe, na hapa nitakaa, kwa sababu wageni wengi hupanga safari kwa kutazama kalenda na ramani ya simu, na vyote viwili havijui unapita juu ya nini.

Wasukuma waliohamia Geita kutoka Kwimba, Maswa na Mwanza, wengi wao miaka ya 1940 na 1950 baada ya vichaka vya mbung'o kufyekwa, walikuja na ng'ombe, pamba na majina ya udongo. Juu, kuzunguka vilima vya mawe makubwa, kuna luseni, mchanga mwepesi wa rangi ya kijivu na njano. Katikati ya mteremko kuna itogolo, udongo mgumu uliojishindilia, wenye tabaka ambalo maji hayapenyi. Chini kabisa bondeni kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mpangilio huo unajirudia kilima baada ya kilima. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliuandika kisayansi na kuuita katena, na mpaka leo wanafunzi wa kilimo duniani kote wanaufundishwa. Mkulima wa Buseresere alikuwa anaujua kwa jembe. Wewe utaujua kwa tairi.

Kiangazi, Juni hadi Septemba, mbuga inakauka na kupasuka. Nyufa zake zinameza tairi la mbele la pikipiki, na makorongo yaliyoachwa na trekta wakati wa mvua yamekauka yakawa magumu kama saruji, kwa hiyo unaendesha ndani ya reli ambayo hukuichagua mpaka iamue kukutoa. Nenda polepole, simama juu ya vikanyagio, na uache usukani ucheze kidogo mikononi. Wakati huo huo luseni kule juu imelegea, na pikipiki inaogelea. Pale usifunge breki ya mbele. Sogea nyuma kitini, toa upepo kidogo kwenye tairi kama mchanga ni mrefu, shika gia ndogo na usikate mafuta katikati.

Mvua ikinyesha mambo yanageuka. Luseni inashikana, inakuwa njia tamu kuliko lami, na ndiyo maana njia za zamani za miguu zinapenda kupanda pembeni mwa vilima. Itogolo inatoa maji juu juu na kuteleza. Mbuga inakunywa, inavimba, na kuanzia hapo haina habari na wewe. Kwa hiyo safari ya masika ipangwe kwa kufuata miinuko hata kama inazunguka, na safari ya kiangazi inaweza kukata mabondeni. Mgeni anayekuja Machi akiwa na mstari mnyoofu kwenye simu yake, kutoka kijiji hadi kijiji, amejichorea mbuga tatu, na atalala kwenye ya kwanza.

Mvua ndogo iogope kuliko kubwa. Mvua kubwa inaosha moramu na kuacha changarawe wazi. Manyunyu ya dakika chache yanalowesha vumbi la juu tu, barabara nyekundu inang'aa vizuri machoni, na hapo ndipo madereva wazoefu wanaposhusha miguu yote miwili. Ukiona dereva wako ameshusha miguu, nyamaza, usimwulize swali lolote mpaka airudishe.

Muulize pia mvua ilinyesha wapi jana. Hakuna anayeuliza swali hili, na lina faida kuliko utabiri wa redio. Mvua za huku hunyesha kwa vipande: Bwanga inafurika, Katoro vumbi. Madereva wanapigiana simu tangu alfajiri na ramani ya jana wanayo kichwani.

Njia ya dhahabu

Ukitoka Katoro kuelekea kusini-mashariki unaingia Rwamgasa, na ukiendelea mashariki unafika Nyarugusu. Ndiyo njia ambayo ningekuchagulia kama una siku moja tu, kwa sababu utapita aina zote za udongo na utaona kilichotuleta wengi wetu hapa. Wakubwa wana mgodi wao wa GGM kule Geita, wenye barabara zake pana na uzio wake, na hauhusiki na safari yetu. Huku ni kwa wachimbaji wadogo, wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, makarasha na mialo.

Njia zenyewe zina tabia ya pekee. Dhahabu ikionekana mahali, rashi inazuka: ndani ya siku chache kuna turubai, mamantilie, vinyozi, wauza vocha na pikipiki mamia, na njia mpya imepasuliwa porini na matairi. Dhahabu ikikata, watu wanahama, mwenye shamba anarudi, na msimu ujao njia imeota mihogo. Kwa hiyo usibishane na dereva ukimwonyesha simu. Njia iliyoko kwenye simu yako huenda ilikufa na rashi yake, na ile mnayopita huenda haijafikisha umri wa kutembea.

Utakutana na wabeba viroba. Pikipiki ile ile ya cc 150 ina magunia ya mawe nyuma, mengine yamelazwa juu ya tanki, na dereva amekalia kipande cha kiti kinachobaki, magoti nje, ndala miguuni, akishuka mteremko kuelekea makarashani. Uzito ule hausimami kwa breki. Mpishe mapema. Usisubiri honi, usijaribu kubana nusu njia ili ujionyeshe unavyojua. Toka kabisa, simama, mguu chini, uso umemgeukia. Anayetoka na mzigo ana haki dhidi ya anayekwenda mtupu, anayepanda na mzigo ana haki dhidi ya wote, na wewe uliyekuja kujifurahisha unapisha hadi kuku.

Unapotoka njiani kumpisha, tazama unapokanyaga. Eneo la machimbo lina maduara yaliyoachwa, mengine yana kina cha ghorofa kadhaa, na nyasi zikishaota mdomoni huwezi kuyaona mpaka umo ndani. Pishia pale penye alama za matairi. Usikate kona kupitia majani, usiende haja vichakani peke yako bila kumwuliza mwenyeji, na usiegemeze pikipiki kwenye matimba ya duara la mtu. Mwaka 2015 machimbo ya Nyangarata, wilayani Kahama, yaliporomoka, na wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao mmoja hakutoka. Kila mtu wa ukanda huu anaikumbuka habari hiyo, na wengi wana nyingine za kwao ambazo hazikufika redioni. Ukimkuta mchimbaji anapanda kutoka shimoni kwa kamba, mpe salamu na maji. Kamera iombe ruhusa kama ambavyo ungeombwa wewe ofisini kwako.

Makarasha utayasikia kabla ya kuyaona. Ni mashine za kusaga mawe, zinazopiga siku nzima, na vumbi lake jeupe linakaa kwenye mapafu. Funga kitambaa, pita upande unaotoka upepo, usikae. Baada ya makarasha kuna mialo, mahali pa kuoshea. Maji yale yametulia, yana rangi ya chai ya maziwa, na mgeni aliyejaa tope anatamani kuoshea pikipiki pale. Usithubutu. Huko ndiko zebaki inakokamatia dhahabu, na kwenye mitambo ya uchenjuaji kuna mabwawa ya sayanidi. Mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupima zebaki ulifanya kazi Rwamgasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ulikuta sumu hiyo ndani ya miili ya watu. Maji ya kunywa na ya kunawa yabebe kutoka mjini. Ukimwona mtu anachoma kidonge cha zebaki kwenye kikaango, pita upande unaotoka upepo, na kama kuna mtoto karibu yake, mwambie kwa upole amwondoe. Atakuchukia dakika moja. Sema tu.

Atatokea pia kijana mpole mwenye kichupa mfukoni. Atakuita pembeni, atafungua kizibo, na ndani kuna vitu vinavyong'aa. Mwambie wabeja, yaani asante, rafiki, na uendelee na safari. Kununua dhahabu kunataka leseni, na soko la madini la Geita lililofunguliwa mwaka 2019 lipo kwa kazi hiyo. Zaidi ya sheria, kuna uwezekano mkubwa wa kurudi Dar es Salaam na shaba iliyosuguliwa.

Njia ya ziwa

Ukielekea kaskazini-magharibi unapita vijiji vya Chato mpaka Muganza, ziwani, na siku isiyo na ukungu unakiona Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Ni njia laini, ina mananasi na samaki, nenda nayo siku ya pili ukiwa umechoka. Ukitamani upande wa magharibi, kumbuka kwamba Burigi-Chato ni hifadhi ya taifa tangu 2019 na pikipiki ya matembezi haina nafasi mle. Kando kando yake kuna mbung'o, nao wanavutwa na kitu kinachokwenda na rangi ya bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ile suti yako ya bluu ya kuendeshea, yenye mistari myeusi, waachie wenyewe wa Ulaya. Vaa kaki.

Ng'ombe utawakuta kila upande. Zima injini, simama pembeni, waache wapite wote mpaka wa mwisho, na umshukuru kijana anayewachunga. Honi inawatawanya kwenye mpunga wa watu, na kesi yake itaamuliwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, wewe ukiwa mshtakiwa.

Chakula na jua

Chakula cha njia hii kilishatengenezwa zamani. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, inakaa begini bila kuharibika. Matobolwa, vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa, unatafuna ukiwa umesimama. Ongeza karanga. Biskuti zako zitakuwa unga kabla ya Rwamgasa. Mchana kula kwa mamantilie, ugali na sato au maharage, mle pamoja wewe na dereva, sahani sawa.

Jioni iwakute mmerudi. Gizani mashimo hayana mpaka, taa ya pikipiki inaruka kila upande, na vijiji vinalindwa. Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanza Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980, bado una macho, na mgeni anayenguruma katikati ya mashamba saa tano usiku ana maelezo mengi ya kutoa. Mwano, yowe la kuita watu, ukipigwa, kijiji kizima kinatoka. Kama mmeharibikiwa na giza limeingia, nendeni moja kwa moja kwa mwenyekiti au mtendaji, mjitambulishe, mlale hapo. Mtapewa mkeka na uji.

Pikipiki yako ikitakiwa

Nimeliweka hili mwisho wa maagizo ili usilisahau. Njia hizi ndizo barabara ya kwenda kujifungua. Kuna mfumo wa m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga na sasa ni wa nchi nzima, ambako mtu hupiga 115 bila malipo na kupatiwa usafiri wa mjamzito mwenye dharura, gari la wagonjwa likikosekana dereva wa kijijini anakwenda. Hata hivyo kuna vitongoji ambavyo gari haliingii mvua ikinyesha, na kinachomtoa mama mpaka barabarani ni pikipiki ya kwanza inayopita. Siku hiyo inaweza kuwa ya kwako.

Ukisimamishwa na watu waliombeba mtu kwenye kitanda cha kamba, au mama aliyeshikwa kiuno na wifi zake wawili, safari yako imekwisha. Usiulize ni mbali gani, usitaje fedha uliyolipa. Shuka, mpe dereva kofia yako amvalishe mgonjwa, waonyeshe namba 115 kwenye simu kama hawajapiga, kisha kaa hapo kijijini umsubiri. Anaweza kwenda hadi kituo cha afya, anaweza kuambiwa aendelee. Kwa hiyo panga siku yako iwe na nafasi ya kupotea nusu, na beba mafuta ya ziada kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayekuja Buseresere na ratiba iliyobana dakika kwa dakika kuwahi ndege ya Mwanza usiku huo huo hajaja kwenye njia zetu, amekuja kwenye filamu yake mwenyewe, na ningemwomba abaki lami.

Mkifika mjini salama, pikipiki ioshwe kwa fundi wa kuosha, kando ya lami, kwa maji ya bomba. Kisha ipelekwe kwa fundi mbele ya macho yako. Spoko zilizolegea zikazwe, zilizokatika zibadilishwe, breki shu zitazamwe, oili imwagwe kama imepigwa na maji, na yote hayo ulipe wewe papo hapo, mbali na bei ya asubuhi. Usiseme utamtumia kesho kwa simu. Cheni nayo ikazwe usiku huo huo, maana saa kumi na moja alfajiri kuna mtu anataka kufika Rwamgasa na magunia mawili ya mchele, na ameshampigia simu dereva wako.